Rauta inapogoma: soma dalili kabla ya kulaumu biti

Mfereji wangu wa kwanza wa rauta, ile mashine ya kuchonga mifereji na nakshi kwenye mbao kwa biti inayozunguka, ulianza na kina cha milimita 6 upande wa kushoto, ukaishia na karibu 11 upande wa kulia. Ulikuwa ubao wa rafu ya vitabu, mninga, niliounyoosha kwa randa jioni mbili nzima. Nililaumu mashine, nikalaumu biti, nikamlaumu na aliyeniuzia. Siku tatu baadaye ndipo nilipopima mguu wa biti kwa kalipa na kukuta una milimita 6 kamili, ilhali koleti, yaani kile kishikio cha chuma kinachobana mguu wa biti kwenye mashine, ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Tofauti hiyo haizidi unene wa ukucha, lakini ilitosha biti kuteleza kidogo kidogo kila nilipoisukuma.

Tangu siku hiyo nimezoea kutafuta chanzo hatua moja nyuma ya pale kovu linapoonekana. Ubao umeungua, kumbe ni mkono uliosita. Mfereji umepinda, kumbe ubao wa kuiongoza mashine ulibanwa upande usiofaa. Mashine yenyewe huwa mgonjwa mara chache sana.

Haya ni kwa anayefanya useremala wa kujifurahisha uani kwake, awe na trima ndogo ya mkono mmoja au rauta kubwa ya mikono miwili. Kabla ya uchunguzi wowote, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, maana spana ikiwa kwenye nati na mtoto akapita akagusa swichi, vidole ni vyako. Na ukishachomoa, badilisha jambo moja tu, jaribu kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule, ndipo uende kwenye la pili. Ukibadilisha biti, kasi na kina kwa pamoja, tatizo linaweza kuisha na usijue lilikuwa lipi.

Kina kinabadilika chenyewe

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza. Biti inayoteleza ndani ya koleti inaweza kuchomoka kabisa ikiwa inazunguka.

Chukua maka peni, chora mstari mwembamba kwenye mguu wa biti pale unapozama ndani ya koleti. Kata mfereji mfupi, chomoa plagi, tazama. Kama mstari umesogea, koleti haishiki. Kama uko palepale na kina bado kimebadilika, tatizo liko kwenye kitako, lile bamba la chini linalolala juu ya ubao, au kwenye kifungio cha kina.

Tuseme ni koleti. Jambo la kwanza ni kipimo. Biti zinazouzwa kwetu zinatoka kila upande wa dunia: kuna za milimita 6 na za robo inchi, kuna za milimita 8, kuna za milimita 12 na za nusu inchi ambayo ni milimita 12.7. Kariakoo utazikuta zote kwenye kikapu kimoja, na muuzaji atakuambia kwa moyo safi kwamba 6 na robo inchi ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Biti sahihi, kabla hujakaza nati, inaingia kwa kuteleza bila kuchezacheza ndani. Ikicheza, irudishe.

Kipimo kikiwa sawa, tazama uchafu. Utomvu na unga wa mbao hujibana kwenye zile nyufa za koleti na kuizuia kufumba sawasawa. Ichomoe, isugue ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha ikaushe kabisa, kwa sababu mafuta yakibaki utakuwa umelainisha kile unachotaka kishike. Msasa usiuguse hapo. Mguu wa biti wenye michirizi myeusi ya mviringo ni ushahidi kwamba imekuwa ikiteleza kwa muda, na koleti iliyokwisha namna hiyo haitengenezeki, inabadilishwa.

La tatu ni namna ya kuingiza. Wengi husukuma biti mpaka igonge mwisho, wakakaza. Nati inapokazwa huivuta koleti kuelekea ndani. Biti ikiwa imeshagota, haina pa kwenda, na unahisi umekaza kumbe nusu. Isukume mpaka mwisho, kisha irudishe nyuma milimita 2 au 3, ndipo ukaze. Lakini usiirudishe sana mpaka mguu ushikwe ncha tu. Angalau robo tatu ya urefu wa koleti iwe imejaa. Na ile sehemu ya mguu inayoanza kupanuka kuelekea kwenye makali isiingie kwenye koleti, kwa kuwa si ya mviringo ulionyooka na haishikiki.

Kosa dogo ambalo hakuna anayekuambia: usikaze nati wakati koleti ni tupu, eti isipotee. Unaifinya bila kitu ndani, na baadaye haishiki vizuri.

Kama mstari wa maka peni haukusogea, kaza kifungio cha kitako. Kwenye trima nyingi ni kile kishikio cha kubana chenye nati pembeni, na nati hiyo hulegea kwa mtetemo. Biti za msokoto zinazotupa maranda juu huongeza shida, kwa sababu zinajivuta zenyewe kuzama ndani ya ubao.

Ukingo umebabuka, moshi unatoka

Niliwahi kupeleka kipande cha mtiki kilichoungua kwa mzee mmoja wa Keko anayetengeneza makabati.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hebu lete.”

Hakukitazama kwanza, alikinusa. Kisha akaweka kidole kwenye kona. “Hapa ulisimama.” Akasogeza kidole kwenye ukingo mrefu. “Na huku kote ulikuwa unaogopa.”

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Doa jeusi mahali pamoja, hasa kwenye kona, mwanzoni au mwishoni, linasema ulisita. Biti inazunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika. Ukisimama kwa muda wa kupumua mara moja tu, makali yanasugua mbao ileile mamia ya mara bila kukata chochote. Panga mwendo wako kabla ya kuwasha: miguu itasimama wapi, waya utapita wapi, mkono utabadilika wapi. Mafundi hupitisha mashine ikiwa imezimwa mara moja kama mazoezi. Sikuwa nikielewa kwa nini, sasa nafanya hivyohivyo.

Weusi ulioenea ukingo mzima ni habari nyingine. Huenda unasukuma polepole mno kote, kama nilivyokuwa mimi. Huenda kasi ya mashine ni kubwa kwa upana wa biti. Au biti imechakaa, au imefunikwa na utomvu. Hili la mwisho ndilo huwa nalitazama kwanza kwa kuwa ni la bure. Msonobari, zikiwemo mbao zinazotoka Sao Hill kule Mufindi, una utomvu unaoganda nyuma ya makali kama ukoko wa kahawia, na biti nzima kabisa ikaonekana imekufa. Iloweke kwenye mafuta ya taa robo saa, isugue kwa mswaki wa zamani. Kama ina beringi, ichomoe kwanza. Mafuta ya taa huosha grisi yake.

Baada ya kusafisha, pitisha ukucha juu ya makali. Yakikwangua ukucha, bado yapo. Yakiteleza, yamekwisha. Zile seti za biti 12 au 15 kwenye kisanduku cha mbao ni nzuri kwa kujua unapenda maumbo gani, lakini ile moja unayoitumia kila siku, nunua ya kabaidi iliyo nzito, yaani yenye makali magumu kuliko chuma cha kawaida. Mbao zetu hazina huruma. Mtiki una silika ndani yake, ambayo ni jamaa wa mchanga, na hula makali ukiwa unatazama. Mvule nao mara nyingine huficha chembe ngumu kama mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti. Ukisikia mashine inabadilisha sauti ghafla katikati ya ubao safi usio na fundo, simama ukague makali. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, haina mawe, ila gundi yake inachakaza chuma cha kawaida haraka kuliko mninga.

Dawa ya kuungua kwenye kazi ambayo tayari imeharibika ni rahisi ukiwa hujakata mpaka mwisho. Mimi hubakiza nusu milimita kwa ajili ya mpito wa mwisho, unaokwenda bila kusimama. Weusi wote wa nyuma unaondoka na maranda hayo.

Nyuzi zinanyofoka

Hapa dalili inatofautiana kulingana na mahali. Ikinyofoka kwenye kona tu, pale biti inapotokea upande wa pili wa kichwa cha ubao, ni kwa sababu nyuzi za mwisho hazina kitu nyuma yake cha kuziegemeza. Bana kipande cha taka kwenye kona hiyo, kiguse vizuri, kisha kata ukipitiliza mpaka ndani ya taka. Ukiwa unazungusha nakshi pande zote nne za meza, anza na vichwa viwili, malizia na pande ndefu. Kilichonyofoka kwenye kona kitaondolewa na mpito wa upande mrefu.

Ikinyofoka ovyo katikati ya ukingo, jiulize unaelekea wapi. Biti ya rauta ya mkono, ukiitazama kwa juu, inazunguka kama mshale wa saa. Ukielekeza mashine vibaya, makali yanaacha kuchimba, yanapanda juu ya mbao, na mashine inataka kukimbia kama punda aliyekatika kamba. Kuna hila ya mkono wa kulia. Laza kiganja kikitazama chini, nyoosha kidole gumba na cha shahada kama herufi L. Gumba likielekea kwenye mbao, kidole cha shahada kinaonyesha upande wa kwenda. Kwa ukingo ulio mbele yako ni kushoto kwenda kulia. Ndani ya fremu, hila ileile itakuonyesha mzunguko ulio kinyume na ule wa nje. Ila mashine ikifungwa chini ya meza, biti ikitazama juu, mambo yanageuka: hapo unasukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto.

Mwelekeo ukiwa sahihi na bado inanyofoka, basi ni ubao wenyewe. Mvule una nyuzi zinazopishana, tabaka moja likilala huku na la pili kule, hivyo sehemu fulani lazima utakata dhidi ya nyuzi. Punguza unachokula kwa kila mpito. Milimita 3 kwa biti ya mguu mwembamba ni nyingi za kutosha siku ya kawaida. Kwenye mvule wenye hasira mimi hushuka hadi moja. Mafundi wazoefu hufanya mpito wa mwisho kwa kurudi kinyumenyume, nusu milimita au chini yake, ili makali yakandamize nyuzi badala ya kuzinyanyua. Ni kweli inasaidia. Lakini usijaribu kabla hujaijua nguvu ya mashine yako, na kamwe usijaribu kwa biti pana au kwa kipande kidogo kisichobanwa kwa klampu mbili.

Na manyoya? Ukingo haukunyofoka, haukuungua, ila umejaa nywele nywele kama gauni la kitenge lisilopindwa. Mbao ni mbichi. Hakuna biti itakayokuokoa. Iegemeze ukutani kwenye kivuli, iweke vijiti katikati, urudi baada ya wiki kadhaa.

Mfereji umepinda, au umezidi upana wa biti

Umebana ubao ulionyooka kama mwongozo, umeegemeza kitako, na bado katikati mashine imechepuka. Karibu kila mara mwongozo uko upande usiofaa. Ukisukuma mashine kwenda mbele, mzunguko wa biti unaivuta kushoto. Kwa hiyo mwongozo uwe kushoto kwa mashine, ili ile nguvu inayokusumbua ndiyo ikusaidie kubana kitako kwenye ubao. Ukiuweka kulia, utapigana nayo kila hatua, na siku moja utachoka.

Kuna kosa jingine la siri zaidi. Mfereji umenyooka lakini upana wake ni milimita 13 hapa na 14 kule, na biti ni ya 12. Biti haiko katikati kabisa ya kitako. Kwenye mashine za bei nafuu hili ni la kawaida, na halina madhara ilimradi upande uleule wa kitako ndio unaogusa mwongozo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukizungusha mashine mkononi ili uone vizuri, kosa linajitokeza, na linajitokeza mara mbili: biti iliyohama nusu milimita kutoka katikati itahamisha mstari kwa milimita nzima ukigeuza kitako nusu mzunguko. Nimebandika kipande cha tepu nyekundu kwenye upande mmoja wa kitako changu. Tepu ndiyo inayogusa mwongozo, siku zote.

Kama kitako ni cha mviringo, jaribu pia kulegeza skrubu zake, sogeza, kaza, pima tena. Inachosha, lakini ni mara moja tu.

Mashine inatetemeka na ukingo una mawimbi

Sikiliza kwanza ikizunguka bila kugusa mbao. Ikitetemeka hewani, biti imepinda, koleti ni chafu, au beringi za mota zimekwisha. Weka biti nyingine. Mtetemo ukiisha, umeshampata mhalifu.

Ikiwa tulivu hewani lakini inaruka kwenye mbao, unakula nyingi mno kwa mpigo, au ubao haukubanwa. Au kasi. Biti hadi upana wa milimita 25 inaweza kwenda 22,000 hadi 24,000. Ikikaribia 50, shusha hadi 16,000 au 18,000. Zile kubwa za paneli za milango, zenye 75 na kuendelea, ni 10,000 hadi 12,000, nazo ni za mashine iliyofungwa mezani, si za mkononi. Piga hesabu uone: biti ya milimita 50 ikizunguka mara 24,000, ncha ya makali inakwenda mita 63 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Treni ya SGR ya Dar es Salaam kwenda Dodoma imesanifiwa kwa 160. Ndiyo sababu trima isiyo na kidhibiti cha kasi, ambayo mara nyingi inazunguka karibu na 30,000, isipewe biti pana hata kama mguu wake unaingia.

Kuyumba ukingoni ni jambo jingine, ingawa alama zake zinafanana. Kitako kikiwa nusu juu ya ubao na nusu hewani, uzito wa mashine huiinamisha. Weka kipande cha unene uleule pembeni kiwe kama daraja, au funga kitako kipana cha plaiwudi.

Na kama unafuata kiolezo kwa biti yenye beringi, jua kwamba beringi inanakili kila kitu, pamoja na tone la gundi lililoganda na alama ya msumeno. Dakika kumi za msasa kwenye kiolezo zinakuokolea saa nzima kwenye kazi. Beringi iliyokwama haizunguki peke yake, inazunguka na biti, na inaacha mstari mweusi unaong'aa ukingoni. Watu wengi hudhani ni makali yaliyounguza.

Nguvu inapungua, cheche zinaonekana

Kabla ya kuifungua mashine, fuata waya. Ekstensheni ndefu yenye nyaya nyembamba inapoteza umeme njiani, mota inapata pungufu, inapasha moto. Kama ni ya roli, ivute yote nje. Ikibaki imejikunja, joto halina pa kutokea. Kama mashine imeletwa na ndugu kutoka Marekani, soma kibao chake. Nyingi za kule ni za volti 120, na umeme wa Tanzania ni 230, wa Kenya 240. Inahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi wati za mashine, si unaolingana nazo. Ukiichomeka moja kwa moja, italia kwa sauti nzuri sana kwa sekunde chache.

Unga wa mbao ukijaa kwenye matundu ya hewa huleta joto lilelile. Pulizia, lakini vaa barakoa nzuri, si kitambaa: vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza pumu, na la MDF ni jembamba kiasi kwamba huwezi kulihisi mpaka usiku unapoanza kukohoa.

Cheche ndogo za buluu ndani ya mota ni za kawaida. Cheche kubwa za rangi ya machungwa zinazozunguka kama pete, mashine inayozimika na kuwaka ukiigonga, hizo ni kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Fungua vile vifuniko viwili vya pembeni, zitoe, pima. Zikibaki milimita 5 au 6, au zikifika kwenye mstari uliochorwa, badilisha zote mbili pamoja, hata kama moja inaonekana bado ina siku. Nenda dukani na za zamani mkononi, zilinganishwe kwa upana na unene, maana zikiwa nene kidogo zitakwama kwenye nyumba yake. Ukishafunga mpya, acha mashine izunguke bila kazi dakika chache ili zikae sawa. Cheche zitakuwa nyingi mwanzoni, kisha zitapungua. Zisipopungua, tatizo ni amecha, yaani ile sehemu ya mota inayozunguka, iliyosukwa nyaya, na kabla hujamwachia fundi mashine, uliza bei ya kuisuka upya. Kwa trima ndogo, mara nyingi bei hiyo inakaribia ya mashine mpya.